Moshi wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi, 4 Machi

Fundi,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana najijua. Nikianza na salamu nitauliza mguu unaendeleaje, nitauliza huko mvua zimeanza, karatasi itaisha na neno lenyewe nitakuwa nimeliruka. Ule moshi uliokufukuzisha nyumba haukuwa wako. Ulikuwa wangu.

Unakijua kile chumba cha mita pale chini, karibu na ngazi. Ndani, nyuma ya mlango, kuna mdomo wa lile shimo la hewa linalopanda mpaka paani, lenye kijidirisha kila bafu. Ufunguo wa chumba kile ninao mimi tu. Nilikuwa naingia humo, najifungia, nasogeza uso kwenye shimo kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa, napuliza. Moshi unapanda, mimi najisifu. Nilidhani unatokea juu unakwenda zake, hauna habari na mtu. Dada yangu ameandika kwenye mkataba wa kila mpangaji kwamba hakuna sigara kwenye jengo lake, na mimi ndiye ninayewasomea wapangaji wapya mstari huo, kwa sauti.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Unakumbuka mlivyolalamika kwamba njiwa wanadumbukia shimoni na kufia humo? Mimi ndiye niliyepanda nikaupigilia ubao mdomo wa juu. Niliposhuka mkanipigia makofi, na wewe ukaninunulia soda. Haikunijia kabisa kwamba nimekifunika chungu ambacho chini yake nawasha moto mwenyewe.

Moshi ukapanda, ukakuta ubao, ukatafuta pa kutokea. Wenzako wote walishaziba vijidirisha vyao kwa hofu ya mende. Wewe tu, huko ghorofa ya nne, uliacha chako wazi kwa ajili ya mvuke wa pasi. Basi ukaingia kwako, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka dari ya bafu lako ikawa rangi ya chai.

Siku Dada alipokuja kukagua, alinusa, akaangalia dari, halafu akanigeukia mimi, siyo wewe. "Huyu anavuta humu ndani?" Ukasema, "Bwana Funguo, jibu wewe, maana mimi nikijibu nitaonekana najitetea." Mimi nikaangalia funguo mkononi nikasema, "Nimekuwa nikihisi hivyo, Dada."

Kuhisi! Mtu mzima, mvi kichwani, nahisi moshi wangu mwenyewe.

Siku ile nilishuku tu. Ulipohama nikajua. Niliifunga nyumba yako, ufunguo nikatia mfukoni, na baada ya siku kadhaa nikaingia kupima mahali pa rangi. Harufu ilikuwa mbichi. Nyumba iliyofungwa haivuti sigara, Fundi. Nilikaa kwenye ukingo wa sinki lako nikakiangalia kile kijidirisha.

Nimeweka pesa kidogo humu ndani, kwa ajili ya kuhamisha ile cherehani. Nakuomba jambo moja. Hili libaki kati yetu. Chumba ninacholala pale getini ni cha Dada, kazi ni ya Dada, hata kitanda ni chake. Akijua, sina pa kwenda. Ningekupigia simu lakini ukiisikia sauti yangu unakata, na siwezi kukulaumu.

Nisamehe ukiweza.

Mimi, Funguo

*

Jumatano, 15 Machi

Bwana Funguo,

Salamu nakupa, kwa sababu mimi sina cha kuruka.

Pesa zako nazirudisha. Zihesabu mbele ya aliyekuletea, nisije nikaambiwa nimeiba pia.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Ubao wa njiwa! Na soda yangu ukanywa! Niliposoma mara ya pili nikaitafuta fimbo. Mara ya tatu sikuwa na nguvu ya lolote.

Unajua nilichopoteza? Unadhani ni nyumba. Nyumba ni kuta, nimewahi kulala kwenye nyingi. Ngoja nikueleze, maana miaka yote ile tulikuwa tunaongelea bomba la maji na taa za ngazi tu.

Marehemu mke wangu alikufa kwa kifua. Yeye hakuwahi kushika sigara maishani. Mvutaji nyumbani alikuwa mimi. Nilikuwa nashona huku inaning'inia mdomoni, na yeye amekaa pembeni anapiga vifungo. Daktari alipotuambia, niliapa nimeacha, kumbe nilikuwa nazificha ndani ya kopo la vifungo. Binti yetu ndiye aliyezikuta, akitafuta kifungo cha sare ya shule. Aliliweka kopo mezani mbele ya mama yake.

Baada ya msiba niliacha kweli. Miaka tisa sasa, Bwana Funguo, wala sijalamba. Lakini binti yangu aliniamini polepole sana, kama mtu anayepanda ngazi gizani, anapapasa kila kipago kabla ya kukanyaga. Alipojifungua mtoto, na mtoto akaonekana ana pumu, aliniambia, "Baba, nakupa mwanangu umpakate. Ukirudia, humgusi tena." Nikasema sawa. Nikampakata. Ana kichwa cha mama yake.

Halafu dada yako akaniandikia notisi: "kwa kosa la kuvuta sigara ndani ya nyumba." Binti yangu ndiye aliyekuja kunisaidia kufungasha. Akaikuta mezani. Akaingia bafuni, akaangalia dari, akatoka. Mimi nikajitetea mpaka koo likakauka, na kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyofanana na yule wa kopo la vifungo.

Sasa nakaa chumba chake cha nje, cha stoo. Mjukuu namuona dirishani. Mama yake anamnyanyua mara moja asubuhi, mtoto ananipungia mkono kutoka nyuma ya kioo, na mimi namchezea kitambaa huku nje kama mwendawazimu. Kuingia ndani hapana.

Unaniomba nikutunzie siri. Yaani umenishonea nguo bila kunipima, inanikaba makwapani, halafu unaniomba nisiivue usije ukaaibika wewe!

Usinitumie pesa. Njoo umwambie. Barua yako siwezi kumwonyesha, nilishajaribu kichwani: atasema, "Baba, umemlipa nani akuandikie?" Na mimi kwa historia yangu ningesema hivyohivyo. Anataka mtu, mwenye mdomo na macho. Njoo. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Fundi

*

Jumatatu, 20 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Natumaini unakula vizuri na hushindii chai. Nakuandikia badala ya simu kwa sababu mambo ya jengo nataka yawe na karatasi. Simu mkishaongea, kila mtu anakumbuka lake.

Yule mwalimu na mkewe tuliowapa nyumba ya Fundi wameniandikia. Wanasema wakioga, harufu inatoka ukutani. Sasa jamani, ukuta ule tumeukwangua, tukapaka rangi ya kuzibia, halafu mbili za juu! Mapazia tukatupa, zulia tukang'oa, mlango wa kabati ukabadilishwa kwa sababu mbao zilikuwa zimelewa moshi. Fundi wa rangi aliniambia, "Mama, moshi wa sigara ni mpangaji asiyehama." Nilitaka kumpiga na brashi yake, lakini amesema kweli.

Na siyo rangi tu. Nyumba ilikaa tupu mwezi mzima tukisubiri ikauke na inuke kama nyumba. Watu watatu walikuja kuangalia, wakafika bafuni, wakasema tutakupigia. Mpaka leo wanatafuta simu. Mtu wa bima naye kaniuliza kama jengo lina wavutaji, maana likiwa nao malipo yanapanda. Benki hawataki kusikia habari za harufu, wao wanataka mwisho wa mwezi ufike na mimi niwe nimefika. Jengo hili ndilo lililokula kiinua mgongo changu chote na cha marehemu shemeji yako. Sina lingine.

Kwa hiyo nimeamua. Amana ya yule mzee siirudishi, na nampeleka kwenye baraza la nyumba alipe na gharama zilizobaki. Ninachohitaji ni maelezo yako wewe, msimamizi, kwamba ulikuwa unaona anavuta. Karatasi imo humu, nimeshaandika, wewe weka sahihi tu chini. Iwe imenifikia kabla mwezi wa nne haujafika katikati.

Pia msake anayevuta sasa hivi, kama yupo. Wewe una pua nzuri tangu utoto. Jirani alikuwa akipika chochote, wewe unajua ni nini.

Dada yako

*

Jumamosi, 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Karatasi nimeiona. Nimeisoma. Nimeiweka mahali pazuri. Nilikuwa nafikiri, Dada, yule ni mzee, mguu wake mmoja mbovu, mkewe alishatangulia, tukimpeleka barazani watu watatuonaje? Jengo lina jina. Jina nalo ni mali. Labda tumwachie tu, na amana tumrudishie nusu, au hata yote, iwe sadaka.

Kuhusu harufu kwa mwalimu, nimepita mara mbili kukagua. Mke wa mwalimu alinifungulia, akanusa, akasema, "Leo ndiyo imezidi, tangu umeingia." Nikamwambia ni dawa ya mbu. Inawezekana rangi haijakauka vizuri. Inawezekana pia ni lile shimo la hewa, nitalitazama. Inawezekana ni jirani wa jengo la nyuma, upepo wa siku hizi haueleweki.

Kumsaka mvutaji nimeanza. Nimezunguka ngazi zote. Mama wa ghorofa ya pili ananisaidia, jana alinishika mkono akaniambia, "Bwana Funguo, mimi namjua, ni yule kijana wa ghorofa ya tatu, ana macho mekundu." Nikasema tusimsingizie mtu bila ushahidi. Nilipolisema neno hilo ulimi ulikuwa mzito kama nimetoka kung'olewa jino.

Dada, kuna jambo nataka kukuambia, lakini barua imeshakuwa ndefu na mafundi bomba wananisubiri.

Mdogo wako

*

Jumatano, 29 Machi

Fundi,

Nilikuja.

Usishangae. Jumapili nilipanda gari mpaka kituo cha mwisho, nikaulizia mtaa, nikaona nyumba yenye geti la bluu kama ulivyoandika. Nilikuwa nimevaa shati ulilonishonea la mistari. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno: "Binti, mimi ndiye msimamizi wa jengo alilokuwa anakaa baba yako." Nilishayajua kama sala.

Alikuwa anaanika nguo za mtoto. Vile visoksi vidogo vidogo, anabana kimoja kimoja. Akaniona nimesimama getini.

"Karibu, nikusaidie?"

Nikafungua mdomo. Fundi, nakuapia maneno yalikuwepo. Nikasikia nimesema, "Samahani dada, duka liko wapi hapa?"

"Liko mbele, kata kushoto. Unatafuta nini?"

"Kiberiti," nikasema.

Kwa nini kiberiti, sijui. Vitu vyote vilivyopo dukani! Akaniangalia vizuri, halafu akazitoa nguo upande wa geti akazihamishia upande wa ukuta. Nikaenda dukani kweli nikanunua hicho kiberiti, kisha nikarudi kwangu. Wewe sikukuona, nadhani ulikuwa umelala, na mlango wako ulikuwa umefungwa.

Dada yangu ameniletea karatasi niweke sahihi kwamba nilikuona unavuta. Sijaweka. Lakini sijakataa pia. Kila nikigeuka nakuta mlango, na funguo zote ninazo mimi, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuufungua. Nipe muda kidogo. Nikishapata chumba cha kupanga kwingine, nitasema kila kitu.

Funguo

*

Jumatano, 5 Aprili

Bwana Funguo,

Kumbe ni wewe.

Jumapili ile jioni binti yangu alikuja mpaka mlango wa stoo, akasimama nje, mikono kifuani. Akaniambia, "Baba, leo kuna mwanaume amekuja getini. Ananuka sigara kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Anajifanya kuulizia duka, eti kiberiti. Na shati lake ni mshono wako, nimeijua ile kola." Mimi nimekaa tu, sina habari. Akasema, "Ndiye anayekuletea?"

"Ananiletea nini, mwanangu?"

"Baba, usinifanye mtoto."

Sikumjua huyo mtu ni nani mpaka barua yako ilipofika leo. Nimekaa hapa nawaza, hata nikimwambia sasa, "Yule ndiye mvutaji mwenyewe, alikuja kuungama akashindwa," wewe ungekubali? Mimi nisingekubali. Hadithi hiyo ina tundu kila mahali, haishoneki.

Ameniambia nitafute pa kwenda. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Ameongea taratibu, hakunivunjia heshima, na machozi yalikuwa yanamtoka. Heri angenitukana. Dirishani mtoto hanyanyuliwi tena, pazia limeshushwa.

Unaomba muda mpaka upate chumba. Umenipata mtu wa kumweleza shida ya chumba! Mimi nilipewa siku saba na dada yako, na sikuwa nimefanya kitu.

Sikutukani. Nimezeeka, matusi yananichosha. Lakini sikiliza vizuri. Ulipodanganya mara ya kwanza uliogopa, nikaelewa. Watu wanaogopa. Ulipokuja mpaka getini ukarudi, hapo ulichagua. Usiniandikie tena barua ya kuniomba msamaha. Zimeshanijazia stoo.

Fundi

*

Jumapili, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Karatasi yako nakurudishia bila sahihi. Fundi hakuvuta. Niliyekuwa navuta ni mimi, kwenye chumba cha mita, napulizia shimo la hewa, na juu nilishaliziba kwa ubao ule wa njiwa. Moshi wote ulimwishia yule mzee. Na harufu ya kwa mwalimu ni yangu pia, kwa sababu hata baada ya kujua sikuacha. Nilihamia saa za mchana wakiwa kazini, nikajiona nina huruma.

Rangi, mapazia, zulia, mwezi ule uliokaa bila mpangaji, vyote ni mimi. Nikate kwenye mshahara mpaka nife.

Lakini mzee anafukuzwa na binti yake kwa ajili ya notisi yetu, maana mjukuu wake ana pumu. Nakuomba uandike nyingine, useme ile ya kwanza ilikosea. Tafadhali Dada. Sijawahi kukuomba kitu tangu uliponipa kazi hii.

Nilidhani nikikuandikia haya nitajisikia mwepesi. Bado.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 15 Aprili

Kitinda,

Nilijua.

Unadhani dada yako ni mtu wa kuokotwa? Nimekulea. Nilikufulia nguo mpaka umeota ndevu. Siku ile ya ukaguzi uliposhuka kunipokea mzigo ulinigeuzia shavu, hukunipumulia, na mdomoni ulikuwa na pipi ya mnanaa kama mtoto aliyeiba. Nilijua kabla sijapanda ngazi. Nilipofika bafuni kwa mzee nikaelewa moshi ulipita wapi, shimo lile nilichorewa mimi ramani yake.

Sikukuuliza eti kwa kuwa sijui. Nilikuuliza kwa sababu nilijua utajibu nini.

Usinichukie kabla hujamaliza kusoma. Yule mzee alikuwa analipa kodi ya zamani, ya tangu marehemu yupo, na marehemu alimwahidi haitapanda maadamu mzee yu hai. Kila mwezi benki wananikaba, na nyumba yangu nzuri kuliko zote, yenye mwanga, inalipa kama stoo. Sikuwa na sababu ya kumtoa. Moshi wako ukaniletea sababu mpaka mlangoni. Nilijiambia ana binti, ataenda kwa binti yake, atakula vizuri kuliko pale. Habari ya mtoto na pumu sikuwa naijua. Sasa naijua, na silali.

Lakini sikiliza na hesabu za upande huu. Nikiandika kwamba moshi ulikuwa wa msimamizi wangu, ndugu yangu wa tumbo moja, mzee atarudi na mkataba wake. Mwalimu atadai. Mama wa ghorofa ya pili mwenye kikohozi atadai, na kikohozi chenyewe anacho tangu ujana. Bima watasema tuliwadanganya. Benki watalichukua jengo, na mimi na wewe tutakaa kwa nani? Wewe una miaka hamsini na mitatu, mimi sitini na mbili. Hatuna hata mmoja mwenye mtoto wa kutupa stoo.

Basi tunyamaze. Karatasi nimeirudisha humu, weka sahihi, mbele ya baraza tutalegeza, hatutamdai nyongeza. Acha hizo sigara. Ukikataa, Kitinda, nitalazimika kumweka msimamizi mwingine, na chumba cha getini ni cha msimamizi. Sikutishi. Nakuambia nilivyobanwa, kama ulivyobanwa wewe.

Dada yako anayekupenda

*

Jumanne, 18 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ngazini, nikakaa hapohapo. Nilidhani nimekudanganya, kumbe nilikuwa nakutumikia. Sijui lipi ni baya zaidi.

Sikuchukii. Nisingekuwa na moshi, usingekuwa na sababu. Kiberiti nilikiwasha mimi.

Sahihi siweki. Jana nilipanda paani nikaung'oa ubao, na watu walipotoka kuuliza kelele za nini, nikawaambia pale pale kwenye ngazi. Mwalimu aliniuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unatusomea ule mstari wa mkataba?" Nikasema ndiyo. Mkewe akasema, "Na ile dawa ya mbu?" Nikasema ndiyo. Kijana wa ghorofa ya tatu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama wa ghorofa ya pili hakucheka. Ameacha kuniitikia.

Habari ya kodi ya mzee na ahadi ya shemeji sikuigusa. Hiyo ni yako, useme mwenyewe ukiweza. Ya kwangu nimesema.

Funguo zote nimemkabidhi mwalimu, ameweka sahihi kwamba amepokea. Kitanda nimekiacha. Mwezi ukiisha nitakuwa nimetoka. Mpiga rangi yule wa "mpangaji asiyehama" ana banda anakohifadhia makopo, amenikubalia nilale humo nikimsaidia kukwangua kuta. Kazi ya kukwangua moshi, Dada. Hata mimi nimecheka.

Ninakupenda pia.

Kitinda

*

Alhamisi, 20 Aprili

Fundi,

Ulinikataza kuandika barua ya kuomba msamaha. Hii siyo hiyo.

Dada yangu anajua, na alijua tangu siku ile. Nimemrudishia karatasi yake bila sahihi, na funguo za jengo nimeshazikabidhi. Wapangaji wote nimewaambia. Mwalimu anayekaa kwako sasa amenikubalia jambo moja. Nilipomweleza habari za mjukuu akasema, "Mimi sikupendi, Bwana Funguo, ila nitakuja na wewe. Nitasema nilichonusa na siku nilizokinusa, wakati mzee alishahama." Yeye ni mtu asiyekujua wala hana faida na wewe. Nadhani binti yako atamsikiliza hata akikataa kunisikiliza mimi.

Sikudanganyi kwamba nimeacha sigara. Nimejaribu, na leo nimevuta, uwanjani, mbali na nyumba ya mtu. Nitakuja nanuka vilevile. Nimewaza kuoga kwa sabuni ya kufulia na kutafuna mnanaa, nikaona hapana, nimeshajificha vya kutosha, na binti yako ana haki ya kuijua harufu iliyoipaka dari ile ni ya mtu gani. Kwa ajili ya mtoto sitavuka geti. Nitasimama nje, yeye akae umbali anaoutaka.

Akinifukuza, nitarudi Jumapili, na Jumatatu. Lakini neno lenyewe nitakuwa nimeshalisema, kwa sauti, hata kama ni kwa mgongo wake.

Wewe usitoke stoo kunipokea. Usimwandae wala usimwambie nakuja, asije akasema tumepanga. Na usinijibu barua hii. Ukinijibu kwa upole nitaona kumbe si haraka, na ukinijibu kwa ukali nitaona kumbe haifai kwenda. Najijua.

Jumamosi tarehe 29 Aprili, saa nne asubuhi, kabla mwezi aliokupa haujaisha, mimi na mwalimu tutakuwa kwenye geti la bluu. Nitabisha. Akiniuliza nikusaidie nini, nitamwambia: "Baba yako hajavuta. Ni mimi, na nilisema ni yeye."

Funguo